Januarius Luhaga na Kijiji Kilichojibu Ndiyo

Tarehe 30 Juni 2021 Bwana Januarius Luhaga anastaafu, baada ya kuutumikia ushirika wetu wa wakulima hapa Bariadi kwa miaka thelathini na miwili. Ndiye mwanzilishi wa Kitengo cha Sheria, yaani yeye, mimi na feni isiyozunguka.

Mwaka 1995, soko huria la pamba likiwa bado geni, ushirika ulimpeleka Uingereza kusomea shahada ya uzamili ya sheria na maendeleo ya kimataifa. Kwa utafiti alirudi kwao Malampaka, kwenye joto lile, amevaa suti na tai, dodoso mkononi. Mwenyewe husema alionekana kama mgeni rasmi aliyekuja kuzindua kisima. Akapita nyumba kwa nyumba akiuliza kama soko huria limewanufaisha. Kijiji kizima kikajibu ndiyo, tena mno. Akarudi chuoni anajigamba kwamba amegundua wakulima wasio na lalamiko. Msimamizi wake akamrudishia tasnifu: kijiji cha namna hiyo hakipo duniani. Akapewa msimu mmoja arekebishe, la sivyo arudi ofisini mikono mitupu.

Alirudi Malampaka kwa mama yake, Nyanjige, akalalamika kwamba wamemponza. Mama alishangaa kweli.

"Mwanangu, tulisikia ni mtihani. Tungekujibu vibaya ufeli?"

Basi akavua tai, akaingia shambani kuvuna nao. Alikuwa mzigo, jamani. Hadi leo wanasimulia alivyojaza gunia majani makavu akidhani ni pamba. Lakini kwenye soga za shambani akayasikia yote: mizani ya wanunuzi inayodanganya, dawa ya wadudu iliyoahidiwa isifike, mikataba iliyotiwa dole gumba bila kusomwa. Akafaulu, na akarudi na utaratibu tunaoufuata mpaka sasa, kwamba mkataba husomwa kwa Kisukuma kabla mkulima hajasaini.

Tangu hapo kila mwanasheria mpya humpeleka shamba kwanza. Mimi nilivuna pamba kijijini Nassa na shahada yangu yote, nikaachwa mbali na bibi mwenye wajukuu tele.

Mwezi uliopita alituita wafanyakazi wote wa ushirika, akatuuliza kama tuko tayari kubaki bila yeye. Sote tukajibu ndiyo bila kusita.

Mzee Luhaga, lile lilikuwa jibu la kukufaulisha. Hatuko tayari hata kidogo. Asante kwa yote, upumzike kwa raha na afya, na simu yako tafadhali usiizime.

Domitila Kasmiri, Kitengo cha Sheria