Fundi Soda na Macho Aliyokaribia Kuyapoteza

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo tunamkumbuka fundi cherehani mmoja, mcheshi kupindukia. Watu wote walimwita Fundi Soda, na jina hilo hakulipata bure.

Enzi za ujana wake alikuwa anafungua soda kabla hajafungua duka. Maji alisema ni ya kuogea. Mchana viazi vya kukaanga, jioni soda tena. Kutwa kaketi kwenye cherehani, usiku macho kwenye mpira wa televisheni. Ukimwambia apunguze, anakujibu, "Mimi bado kijana, bwana! Hayo magonjwa ni ya wazee."

Kisha akaanza kuona ukungu. Kiu haikatiki. Akajifariji kuwa ni uchovu tu.

Siku moja akaja dada wa bibi harusi kuchukua gauni. Fundi akasimama amkabidhi, gauni mkono huu, soda mkono huu. Kizunguzungu kikamshika. Akaanguka puu! Gauni jeupe likalowa chapachapa. Yule dada hata hakulitazama. Alimshika fundi kichwa, akamwambia, "Kaka, amka kwanza. Tutagombana baadaye."

Hospitalini daktari akasema ni kisukari. Fundi akabisha: "Mimi? Na ujana wote huu?" Daktari akamweleza kwamba ugonjwa huo vijana nao unawapata, na asipobadilika, macho yatakwenda. Narudia, wasikilizaji: fundi cherehani, kijana mbichi, alikuwa karibu kupoteza macho yake.

Yule dada ndiye aliyekuja kuwa mkewe. Mama huyo anacheka akikumbuka: "Mwanzoni alinidanganya sana. Nikakuta chupa ya soda kaificha ndani ya mkono wa koti la mteja! Sikupiga kelele. Nilimpa uzi na sindano, nikamwambia, haya, tunga."

Fundi akajaribu. Akajaribu tena. Uzi ukawa unapita pembeni tu. Akanyanyuka, akaimwaga ile soda mwenyewe. Akasema kwa sauti ndogo, "Mke wangu, naogopa."

Tangu hapo akashika dawa, mboga, maji na usingizi. Akaanza kutembea, ingawa siku za kwanza alihema hata kabla ya kufika kona. Halafu akaleta vituko dukani. Kila baada ya chakula cha mchana aliwasha muziki, akawainua mafundi vijana vitini. "Inukeni! Mtajishona humo humo pamoja na nguo!" Vijana waliona haya, wateja wakawacheka mlangoni. Haikuchukua muda, wateja nao wakawa wanacheza.

Macho yake hayakupona yote, lakini yalimtosha kumshonea binti yake gauni la harusi. Binti huyo anasema, "Baba alicheza siku ile mpaka rafiki zangu wakachoka, wakaomba poo. Akawauliza, nyinyi ndio vijana?"

Wiki iliyopita Fundi Soda alituaga, akiwa babu wa wajukuu wanaomsumbua kweli kweli. Mama, binti, wajukuu na mafundi wote, poleni sana. Tuko pamoja nanyi.

Nawe kijana unayetusikia, jiulize leo: mwili wako unaufanyia nini? Umeshapima afya? Maana mama ametupa ujumbe mmoja tu wa kuwafikishia: "Waambie wasimlilie mume wangu wakiwa wamekaa. Anayetaka kumlilia, amlilie huku anatembea."