Nundu ya Kinywa cha Mama Yenu

Sogeeni wanangu, mniinulie mto kidogo, maana pumzi yangu sasa ni ya kuazima.

Nimetengeneza meno ya bandia tangu sijaota ndevu, na vinywa vilivyopita mikononi mwangu vimejaa pale rafuni kwa umbo la plasta. Mnaijua ile nundu ya mfupa katikati ya kaakaa. Haiumi wala si ugonjwa, ila fundi akiisahau, meno hucheza juu yake kama meza kwenye sakafu mbovu. Watu wa mama yenu wengi wanayo, watu wangu wachache. Nimesema wengi, sikusema wote. Wewe kifunguamimba umeirithi kwa mama yako. Wewe kitindamimba, binti yangu, kaakaa lako ni laini kama langu, na tumbo lililowabeba ni moja.

Sasa mwenyekiti wa mtaa na vijana wake wanapita nyumba kwa nyumba na tochi, wakiamuru watu wafungue vinywa: mwenye nundu ni mwenyeji, asiye nayo afungashe. Kinyozi jirani yetu alifungua. Leo mbuzi wanalala sebuleni kwake, na hakuna ajuaye yeye analala wapi. Mimi wameniacha, wanaona kaburi litanihamisha lenyewe. Lakini wanazitaka plasta zangu ziwe kipimo, nami nimekataa, na ninaogopa, wanangu, kuliko ninavyokiogopa kifo.

Basi nikishafumba macho, hata kabla ya kuniosha, chukueni nyundo mvunje rafu nzima, na kinywa cha marehemu mama yenu kimo humo. Lieni, lakini vunjeni. Nyumba hii ni yenu wawili, asiiuze mmoja bila mwenzake. Wakija, msifungue vinywa, si wewe wala yeye. Kifunguamimba, nakuambia wewe hasa, kwa sababu jana nilisikia kicheko chako barazani katikati ya vicheko vyao. Damu ni nzito kuliko maji, baba. Mshike mdogo wako mkono.

Mungu awape umri, awape usingizi usio na hofu, na mlango wenu... mlango...

Mbona viatu vingi hivyo ukumbini? Kifunguamimba, uliniambia umetia komeo. Niangalie, baba. Niangalie usoni.

Binti yangu, njoo huku, pita nyuma ya mgongo wangu. Fumba mdomo, mwanangu... Fumba.