Vikombe Havikai Benchi Hili

Nje ya kibanda cha kinyozi kuna benchi refu la mbao, na wenyeji wake wana tabia moja: kahawa hunywewa kikombe kikiwa mkononi. Hakuna anayekiweka benchini, na hakuna anayekumbuka tabia hiyo ilianzaje. Asubuhi hiyo Cheche, fundi wa kuchomelea mageti, alifika macho yamemtoka, akaketi mwishoni, mahali pake pa siku zote. Mama Kahawa akammiminia bila kumuuliza.

— Binti yangu kaanguka darasani jana, — alisema Cheche. — Puu! Kama gunia.

Kinyozi, aliyejipa mwenyewe jina la Profesa, alichungulia na taulo begani.

— Yule asiyetulia?

— Huyo huyo. Yupo wodini. Daktari anasema ni njaa.

— Njaa? Kwako wewe?

— Si nyinyi! Wewe ulisema sukari ndiyo inampandisha wazimu, nikamkatia chai. Bonge akasema ni ngano, nikamkatia mkate.

Bonge, mpakia mizigo, alitazama viatu vyake.

— Mimi nilisema apunguze.

— Ukasema pia alale bila kula mpaka ajifunze kukaa kitako.

— Nilikuwa natania, kaka!

— Mimi sikujua ni utani.

Mama Kahawa alilitua birika chini kwa kishindo.

— Mnamlaza mtoto na njaa kwa maneno ya benchi? Mna akili kweli nyinyi?

Profesa akauliza polepole:

— Sasa daktari kasemaje?

— Eti si utundu. Ubongo wake hautulii kwenye jambo moja, unarukaruka. Eti sukari haikuleta hayo. Anataka ale vizuri, alale vizuri, na mwalimu amwelewe. Halafu kaniuliza: nani mwingine katika familia yuko hivi? Nikamwambia hakuna.

— Upande wa mama yake! — Profesa akapata uhai. — Yule shemeji yako hawezi kuongea bila kutembea!

— Na bibi yake wa upande huo, — Bonge akadakia. — Kahama nyumba mara ngapi yule? Mtu aliyetulia hahamihami.

— Hata paka wao halali!

— Basi, — alisema Cheche. — Akitoka tu hospitali, namfungia nguo zake, namrudisha kwa wajomba zake. Shule ndiyo mwisho. Waliompa tabia hiyo wamlee.

Alisema hivyo huku moyo ukimuuma. Bado aliuona mkono mwembamba wa binti yake juu ya shuka, ukichezea uzi hata usingizini.

Hapo akafika fundi cherehani, mpangaji mpya wa kibanda cha jirani. Alisalimia, akapokea kahawa, akaketi. Kwa kuwa hakuna aliyemwonya, alikiweka kikombe benchini ili ajifunge kitambaa chake vizuri. Kikombe kikatembea. Kikatembea hadi ukingoni, kikaanguka, kikamlowesha miguu.

— Jamani, — aliuliza kwa mshangao tu, — benchi hili linatikiswa na nini?

Profesa alikitazama kikombe mkononi mwake kana kwamba ndiyo kwanza anakiona. Bonge naye vilevile. Kisha macho yote yakashuka mwishoni mwa benchi, kwenye goti la Cheche, lililokuwa likipanda na kushuka kama pedali ya cherehani.

Cheche alilikandamiza kwa kiganja chenye makovu ya moto, makovu ya kila mara aliposahau alichokuwa ameshika. Goti likatulia. Alipoondoa mkono, likaanza tena.

— Mama yangu alikuwa akinifunga kwenye mguu wa meza nilipokuwa mdogo, — alisema taratibu. — Ili nimalize kula.



Cheche alisimama.

— Mama Kahawa, mkate umebaki? Nifungie, nampelekea wodini. Na chai kwenye chupa.

— Nitie sukari?

— Tia.