Rejeta Iliyochemkia Kirongwe

Hiace yetu ilitoka Bweni, na tulipokaribia Kirongwe mshale wa joto ukaanza kupanda. Mbele yangu mwalimu Sospeter, aliyekuwa akiwahi boti kwenda bara kumwona mwanawe aliyezaliwa juzi, alilalamika. "Maji ya kisima yana chumvi. Yameziba rejeta."

Mzee Sudi, jirani yake wa kiti, hakukubali. "Rejeta huziba polepole, mwanangu. Hii imepanda ghafla. Ushike mpira wa chini wa rejeta. Ukiwa wa baridi, themostati, kile kilango cha maji ya injini, imegoma kufunguka. Lendirova yangu ya kubebea nazi ilichemka hapahapa Kirongwe kila asubuhi kwa miezi, marehemu Kijakazi akinichotea maji kisimani."

"Miezi yote hiyo hukujua ubovu?"

"Nilijua siku ya kwanza. Nikaitengeneza baada ya harusi yetu."

Tulicheka wote, hata dereva, ambaye hakuwa na sababu ya kucheka.

"Sasa nikipita hapa namtafuta kisimani," mzee alisema taratibu.

Mvuke ukafuka chini ya kiti cha dereva, gari likasimama.

"Mzee wangu," mwalimu alisema, "na mimi nina mtu ananisubiri."

Mzee Sudi alikunja mikono ya kanzu, akashuka kuushika mpira wa chini.