Nilimwita Mama Yangu Jirani

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Mchungaji ameniita mbele nishukuru kwa kupata kazi, nami nimekuja. Lakini akina mama, vigelegele viwekeni kando kwanza. Kazi nimepata kweli, ila njia niliyoipitia ni ya aibu, na nisipoisema yote nitakuwa nimemdanganya Mungu mbele yenu.

Mnanijua. Mimi ndiye Elia, yule mwenye stashahada ya ugavi aliyezunguka na bahasha ya kaki miaka minne mpaka vijana wa hapa Katonga wakaniita Meneja. Nilituma barua Mwanza, nikatuma Dodoma, nikatuma Dar es Salaam. Barua yenyewe ilikuwa moja tu, niliikuta steshenari imeshaandikwa na mtu mwingine, kazi yangu ikawa kubadilisha anwani. Kuna mara nilisahau hata kubadilisha hiyo anwani! Majibu hayakuja. Nikafunga na kuomba, nikapakwa mafuta, nikaanza kumtafuta mtu aliyenifunga riziki. Nilimshuku mpaka shangazi yangu, Mungu anisamehe.

Ndugu zangu, hakuna aliyenifunga. Nilikuwa nimejifunga mwenyewe.

Mama yangu alitoka ng'ambo ya ziwa, upande wa Congo, alikokuwa mwalimu wa shule ya msingi. Hapa Katonga ninyi mlimjua kama mwanika dagaa. Lakini nyumbani alinifundisha Kifaransa tangu nikiwa mdogo, akiandika kwa mkaa kwenye kipande cha ubao, na nikikosea ananirudisha mwanzo. Nikakisoma, nikakiandika. Na kwenye CV yangu, mahali pa lugha, niliweka Kiswahili na Kiingereza, basi. Kifaransa sikukitaja. Kibembe chake, lugha ya kwao, sikukitaja. Shuleni nilikuwa nimeitwa Mkongo mpaka nikachoka, na niliona jinsi mtu mwenye lafudhi ya ng'ambo anavyoulizwa vitambulisho mara mbili. Vyetu vilikuwa sawa, mimi na yeye. Mimi sikutaka hata hilo swali liulizwe.

Siku moja nikaitwa kwenye usaili, ofisi ya wakala wa mizigo karibu na bandari. Wanapeleka saruji na mabati Congo na Burundi. Nilivaa tai. Nimekaa mbele ya bosi, mara Mama anaingia! Nilikuwa nimesahau cheti nyumbani, naye alikuwa ametoka kwenye dagaa zake akanifuata kwa miguu, kitenge kimelowa jasho, harufu ya samaki imemtangulia. Pale kaunta mfanyabiashara mmoja wa Congo alikuwa anagombana na karani juu ya hati ya Kifaransa ambayo karani haielewi. Mama akaomba kuiona, akaisoma.

"Huyu baba anasema kweli," akamwambia karani. "Mzigo unashukia Uvira. Ninyi mmeandika Kalemie."

Ugomvi ukaisha hapo hapo. Bosi akanigeukia.

"Huyu mama ni nani wako?"

"Ni jirani yetu tu," nikasema.

Mama alisikia. Aliweka cheti mezani, hakuniita mwanangu kama alivyozoea. Akasema, "Haya, kijana, Mungu akusaidie," akatoka. Alinisaidia kusema uongo wangu, ndugu zangu!

Kazi sikupata. Niliporudi nyumbani nilimkuta amepika ugali na samaki wa migebuka, akaniuliza usaili umekwendaje. Neno lile hakulitaja siku hiyo wala siku nyingine. Mimi nilikuwa nasubiri anigombeze ili nipate pa kuanzia kuomba msamaha. Hakunigombeza, na mimi sikuomba. Miezi michache baadaye presha ilimwangusha akiwa anageuza dagaa, na hakufika hospitali akiwa hai. Ninyi ndio mlibeba jeneza. Mliponiona nalia vile mkasema mtoto huyu alimpenda mama yake. Maneno yenu yalinichoma, na nilinyamaza.

Baada ya arobaini karani wa ile ofisi akaja kunitafuta, bosi ananiita. Nikaenda.

"Yule jirani yako anayejua Kifaransa tunamtafuta," bosi akasema. "Siku ile nilitamani mtu kama yeye. Unaweza kumleta?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Nilitaka kusema amehama. Roho wa Bwana akanibana kifuani, nikashindwa kuutoa!

"Bosi, yule si jirani. Ni mama yangu, na tumeshamzika. Nilimkana hapa hapa, mbele yako."

Nililia katika ofisi ya watu, na tai yangu shingoni. Bosi akasema, "Pole sana," akanisogezea hati. "Na wewe alikufundisha?"

Nikaisoma yote mpaka chini. Jumatatu nikaanza kazi.

Vijana mnaotafuta kazi, nisikilizeni. Andikeni kila mnachokijua, Kiha chenu, Kirundi chenu, hata kama mmekijua mkiuza sokoni. Nendeni wenyewe mpaka ofisini, mjue wanahitaji mtu wa namna gani, ndipo mwandike barua ya ofisi ile. Ombeni, ndiyo! Lakini mimi niliomba miaka minne huku nikificha jibu ambalo Mungu alikwisha kunipa.

Namshukuru Yesu, amenitoa katika uongo ule. Amenisamehe, hilo naliamini. Mama sikumwomba msamaha, na kila mshahara nikipokea, hilo linanirudia. Mtumaini Bwana, ndugu yangu, akupe ujasiri mapema kuliko mimi. Na kama mama yako amekaa benchi la nyuma asubuhi hii kwa sababu wewe unaona haya kukaa naye, inuka sasa, nenda ukakae naye. Mimi nitanyamaza hapa mpaka ufike.