Wageni Wasimame

Pale Kasingirima, mkabala na mashine ya kusaga, kuna benchi lililotengenezwa kwa mbao za mtumbwi uliochoka, na hakuna jambo la dunia hii ambalo halijawahi kuhukumiwa juu yake. Mwenye kahawa ni Hamdani. Wateja wake wa kudumu ni wawili: Feliksi, fundi wa mashine za boti, anayeitwa Spana, na Jeremia, anayeitwa Redio kwa sababu hazimwi na betri zake haziishi. Mwanzoni mwa mwaka tisini na saba, vita ya Zaire ilipokuwa ikivusha watu ziwani kila siku, benchi lilipata mteja wa tatu. Jumamosi moja alasiri, Mchungaji Elieza wa kanisa la Buzebazeba alifika na Biblia kwapani, akajibwaga pale kama mtu aliyefukuzwa kwake. Elieza alikuwa mtu mwema, hilo halina ubishi, ila aliipenda sauti yake kuliko chai ya maziwa.

— Karibu Mchungaji, — Hamdani alisema huku akimimina. — Mbona leo sura kama umemeza mwiba wa samaki kuhe?

— Wiki ya tano sasa sijahubiri.

— Koo?

— Koo ni zima. Muda ndio sina.

Katika kanisa lake, kabla ya mahubiri, mgeni husimama, hutaja jina lake na anakotoka, hutoa salamu za kwao, hupigiwa makofi, huketi. Zamani wageni walikuwa wawili, tena mmoja wao mkwe wa mtu. Jumapili iliyopita walikuwa arobaini na watatu, na kila mmoja alibeba salamu za kanisa zima lililokimbia. Walipomaliza, jua lilikuwa utosini, watoto wanalia njaa, na Mchungaji alibakiwa na nafasi ya kutoa baraka tu.

— Na hayo mahubiri yenyewe yanahusu nini? — Spana aliuliza.

Mchungaji aliipuliza kahawa yake.

— Kuwakaribisha wageni.

Redio alicheka mpaka kahawa ikamtokea puani. Kwa Elieza halikuwa jambo la kucheka hata kidogo. Saa kumi na moja jioni hiyo wazee wa kanisa walikuwa wanakutana kupitisha tangazo: kuanzia kesho, wageni wote watasimama kwa pamoja, watapigiwa makofi mara moja, watakaa, basi. Ilibaki sahihi yake. Tangu Jumatatu alitaka kuitia na mkono ukawa mzito, wala hakujua kwa nini. Ndiyo maana alikuja kijiweni, kutafuta mtu wa kumwambia atie.

— Kwanza tujue wanasimama kwa ajili ya nini, — Hamdani alisema. — Mimi nasema maandazi. Wageni si wanapewa chai baada ya ibada?

— Maandazi yaliisha Jumapili ya pili. Bado wanasimama.

— Basi wanadai yale yaliyoisha.

— Acha ushamba, Hamdani, — Spana aliingia kati. — Hii ni habari ya mashine. Mtu amekaa kwenye boti siku mbili, anaambiwa usikohoe, usiseme, askari watasikia. Maneno yamejaa kifuani kama petroli kwenye kabureta. Sasa wewe Mchungaji unamwambia asimame! Umeshavuta kamba ya kuwashia. Lazima angurume mpaka yaishe.

— Kwa hiyo nifanye nini?

— Mfungue plagi.

— Plagi ya mtu iko wapi?

— Hilo siwezi kulisema mbele ya mtumishi wa Mungu.

Redio alijisogeza, akashusha sauti, maana yake sasa walimsikia mpaka wale wa foleni ya unga.

— Yebaba! Nyie mmelala. Hii ni njama. Lile kanisa la mabati mapya kule ng'ambo ya barabara ndilo linawatuma. Wanapangiwa zamu: wewe sema dakika kumi, wewe ongeza salamu za shangazi. Mchungaji asihubiri, waumini wachoke, wahame. Kuna mmoja alijitambulisha mara mbili, kwa kofia mbili tofauti!

Mchungaji alitaka kucheka, kisha akakumbuka kwamba ni kweli, mzee mmoja alisimama mara mbili.

— Labda pacha, — alisema bila uhakika.

— Pacha! Unaona wanavyojipanga? Wameleta mpaka mapacha!

— Dawa ninayo, — Spana alisema. — Wageni wakae, wasimame wenyeji. Wenyeji ni wachache, dakika tano mmemaliza.

— Mwenyeji nani? — Hamdani aliuliza. — Babu yangu alitoka Manyema kwa miguu. Wewe?

— Kalinzi, kule mlimani. Nilishuka na magunia ya kahawa, sijapanda tena.

— Redio?

— Mimi nilizaliwa kwenye treni, kati ya Malagarasi na Uvinza. Mama aliniambia treni haikusimama.

— Mchungaji?

— Kibondo.

Walitazamana.

— Basi kanisani kwako mwenyeji ni kengele tu, — Hamdani alihukumu.

— Hata kengele si mwenyeji, — Spana alisema. — Ile ni kipande cha reli. Imekuja na meli kutoka Ulaya.

— Na wewe Mchungaji, ulipofika ulijitambulisha? — Redio aliuliza.

— Sana tu. Mwaka themanini na moja.

— Kwa dakika ngapi?

Mchungaji alikohoa.

— Arobaini. Lakini mimi nilikuwa na mambo ya msingi.

Walimcheka vibaya, naye akachukia. Alichomoa lile tangazo kwenye Biblia, akaliweka juu ya paja, akaomba kalamu. Spana alikuwa nayo, imejaa grisi. Elieza alikuwa anaifuta kwenye suruali wakati mwanamke mmoja aliposimama mbele yao na beseni la samaki aina ya migebuka kichwani. Alimjua, na nani asingemjua? Huyu Honorata alikuwa amesimama Jumapili zote tano.

— Bwana asifiwe, Pasta.

— Amina, mama.

Redio alishindwa kujizuia.

— Mama, samahani. Wewe ni mgeni gani wa wiki tano? Kanisa zima linakujua!

Honorata alitabasamu.

— Weye unanijua. Na bale batu ba boti ya wiki hii je? Hawanijui. Kila boti inaleta batu wapya. Ni kwa ajili yao ninasimama.

Akaeleza bila haraka, kama mtu aliyekwisha kueleza mara nyingi. Siku risasi zilipolia kule Mboko, binti yake alipandishwa boti nyingine, na boti hiyo haijulikani ilitua pwani ipi. Jumapili ya pili, hapo hapo kanisani, bwana mmoja kutoka mji wa Baraka alitaja jina lake tu, na mke wake akapiga kelele kutoka benchi la nyuma.

Mchungaji alizikumbuka zile kelele. Siku ile alizikemea, akidhani ni pepo.

— Na yule wa kofia mbili? — Redio aliuliza kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kumsikia nayo.

— Mara ya kwanza alisahau kutaja mtoto wa nne.

Hamdani alishika birika bila kumimina.

— Pasta, nilitaka kukuuliza neno moja tu, — Honorata alisema. — Miye ninakaaka nyuma, na sauti yangu ni ndogo. Kule mbele munanisikiaka? Jina la mtoto linafika?

Mchungaji alilitafuta jina hilo kichwani. Jumapili tano! Alikumbuka kitenge cha Honorata. Alikumbuka kwamba hutumia dakika sita, siku moja saba, kwa kuwa alikuwa akimpima kwa saa ya mkononi. Jina halikuja. Akamgeukia Redio, anayejua majina ya mbuzi wote wa Kasingirima, na Redio akaangalia viatu vyake. Aibu ilimpanda Elieza mpaka masikio yakamwaka moto, na yalistahili.

— Halifiki, mama, — alisema. — Lakini kosa si la sauti yako. Liseme hapa, tulisikie.

Honorata alitua beseni, akakaza kitenge kiunoni, akasimama wima kama yuko kanisani.

— Bwana asifiwe.

— Amina! — walijibu, na aliyejibu kwa nguvu kuliko wote ni Hamdani, ambaye hata kofia yake ya msikitini alikuwa hajaivua.

Wakati huo huo Mzee Amosi, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, alitokea kwenye kona akitweta.

— Mchungaji, saa imefika! Tumeshakaa wote, tunangoja sahihi yako tu.

— Subiri kidogo, Mzee. Kuna mgeni anajitambulisha.

— Hata hapa? Atachukua muda gani?

— Wote, — Mchungaji alisema, akasogea kumpa Mzee Amosi nafasi ya kukaa.