Mzee Mmanga wa Shumba Viamboni na Muziki Usiopata Jina

Assalaam alaykum, jamaa na majirani, na nyinyi mliovuka maji kuja kutushika mkono. Si desturi yetu hapa Shumba kusimama kwenye hitima na kusoma maisha ya marehemu. Lakini tangu msiba uingie, kila anayekuja kutoa pole anaondoka na Mmanga wake: mmoja fundi wa redio, mwengine sufi, mwengine mtu aliyerudi kutoka Bara Hindi akili imekaa upande. Mjane, Bi Rahila, amechoka kusahihisha, na mwenyewe anasema hana uhakika asahihishe nini. Kwa hivyo amemuomba Ngwali, mdogo wake marehemu, awasomee haya yaliyoandikwa, kama yalivyokuwa.

Mmanga Khatib Mmanga alizaliwa Shumba Viamboni tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa pili wa Mzee Khatib Mmanga na Bi Moza Ngwali. Alihitimu msahafu chuoni angali mdogo, akasoma skuli Micheweni, kisha sekondari Wete, alikomaliza kidato cha nne mwaka 1976. Alikuwa hodari wa hesabu na mtoro wa michezo. Mwaka uliofuata alikwenda Tanga kwa mjomba wake aliyekuwa akipiga katika bendi ya dansi. Huko ndiko alikojifunza gitaa kavu, lile la nyuzi za chuma lisilotaka umeme, na aliporudi alirudi nalo. Mama yake alifurahi, akidhani mwanawe atapiga nyimbo za harusi.

Aliajiriwa serikalini kama fundi wa mitambo ya redio, na mwaka 1984 akapelekwa India, mji wa Pune, kusomea ufundi huo kwa miaka miwili. Gitaa alilichukua. Alipanga chumba jirani na mzee mmoja wa Kihindi aliyekuwa akipiga ala ndefu ya nyuzi nyingi tangu alfajiri, uzi mmoja ukivuma chini bila kukoma na nyengine zikizunguka juu yake taratibu, kama mtu anayetafuta mlango kwenye kiza. Siku za Alkhamisi Mmanga alikwenda kuzuru kaburi la walii mmoja wa mji ule, akakaa na Waislamu wenzake waliokuwa wakimsifu Mtume kwa sauti na makofi mpaka watu wakatokwa na machozi. Kilichompata huko hakuweza kukieleza. Aliporudi na kuulizwa na babake alisema, "Baba, nilikuwa nikijua kupiga. Sasa sijui tena." Mzee Khatib aliona serikali imempotezea mtoto.

Nyuzi za gitaa alizilegeza zote, akazikaza upya kwa namna ambayo hakuna mpigaji wa Wete aliyeitambua, hata ukizigusa tupu zinaitikiana. Uzi ukikatika alichomoa waya katika kebo ya breki ya baiskeli. Hakuimba wala hakutaka mwenzake wa kumsaidia. Kazini kwake walimsifu kwa mkono mwepesi, na vijiji vingi vya kaskazini vilisikia habari kwa sababu yake, mpaka alipostaafu mwaka 2018. Lakini akitoka kazini alikuwa na kazi yake nyengine, na hiyo hakuna aliyeijua ni kazi gani.

Alimuoa Bi Rahila Masoud wa Makangale tarehe 2 Julai 1988. Wangali kwenye fungate, bwana harusi alikaa barazani baada ya sala ya alasiri akaanza kupiga. Bibi harusi alisikiliza kwa adabu, akavumilia, mwisho akauliza:

"Wimbo wenyewe utaanza lini?"

"Umeshaanza zamani."

"Na utakwisha lini?"

"Hapo na mie sijui, Rahila."

Bi Rahila anasema alicheka kwa sababu hakujua afanye nini chengine.

Binamu yake Mmanga, Jabir, alipooa, walimkaribisha apige. Wanawake walikaa na kanga zao mpya wakingoja taarabu. Mmanga akavumisha uzi mmoja, akauzunguka na mwengine, akarudi palepale. Wakawa wananong'onezana, "Bado anatia sawa nyuzi?" Watu wakaondoka mmoja mmoja, akabaki Bi Mwanawema, shangazi yake Jabir, analia. Alipoulizwa kinachomliza alikasirika: "Sijui mie! Kuna mtu nimemkumbuka, na simjui ni nani." Mmanga hakualikwa tena harusini, na hakuna aliyemsikia akilalamika.

Maneno yakaenea kwamba anaabudu kwa gitaa, mambo ya Wahindi. Rahila aliona haya kwenda kisimani. Shehe Bakar, imamu wetu, akaja nyumbani kumuuliza, naye Rahila alikuwa nyuma ya pazia anasikiliza, roho i mkononi.

"Mmanga, hichi unachopiga ni dhikri au ni ngoma?"

"Shehe, nikisema dhikri nitakuwa nimejipandisha. Nikisema ngoma nitakuwa nimeongopa."

"Basi ni nini?"

"Ndicho nnachotafuta."

"Hebu piga."

Akapiga. Shehe aliinamisha kichwa, na alipokiinua aliangalia nje akaona jua limeshashuka. Akasimama. "Usipige karibu na msikiti, wala wakati wa sala. Mengine namwachia Mola." Shehe yupo hapa leo. Akiulizwa husema hakumruhusu wala hakumkataza, na kwamba siku ile alitoka na hoja chache kuliko alizoingia nazo. Mmanga hakuwahi kukosa sala ya jamaa isipokuwa kwa safari au ugonjwa, na hilo halina mjadala.

Tarehe 9 Februari 2023 alipigwa na kiharusi. Alitibiwa Wete, kisha Unguja, akarudi anazungumza vizuri lakini mkono wa kushoto umekufa. Gitaa likatundikwa. Alikuwa akiliangalia kama mtu anayeangalia nyumba ya jirani aliyehama. Asubuhi moja, baada ya chai, akamwambia mkewe alitungue gitaa, akae ubavuni mwake wa kushoto.

"Bana hapa."

"Mie? Sijui kitu mie."

"Bana tu. Sio hapo, panda juu kidogo. Hapo. Nikisema achia, uachie."

Tangu siku ile ikawa ndiyo asubuhi yao: mkono wa kulia ni wa Mmanga, wa kushoto ni wa Rahila. Vidole vyake vilivimba, vikapasuka, vikafanya sugu. Binti yao mkubwa, Suhaila, alikuja siku moja kutoka Wete, akasikia tangu nje muziki uleule aliokulia nao, akakimbilia ndani akidhani babake amepona. Akawakuta wamebanana kwenye mkeka. Anasema mpaka leo hajui kama alicheka au alilia.

Asubuhi ya Jumatano, tarehe 12 Novemba 2025, walikuwa hapohapo. Mmanga alipiga uzi wa chini, ukavuma. Rahila alikuwa amebana, anangoja. Sauti ikapungua, ikaisha, naye hakusema achia. Rahila akaendelea kubana, kwa sababu hakuambiwa. Alipogeuka kumuangalia, mumewe alikuwa ameshaondoka. Alizikwa siku hiyo hiyo baada ya alasiri, hapa Shumba Viamboni.

Marehemu ameacha mjane, Bi Rahila Masoud, watoto watatu, Suhaila, Abdulnasir na Khairiya, wajukuu, mdogo wake Ngwali, na nyinyi nyote mliomjua kila mmoja kwa namna yake.

Mjane ameomba liongezwe neno lake. Wanaomuuliza kama mumewe alikuwa akimwomba Mungu au akijiburudisha, wamsamehe. Alikaa karibu naye kuliko mtu yeyote, akabana nyuzi zake kwa vidole vyake mwenyewe, na hajui.

Mola amsamehe Mmanga, amlaze pahala pa utulivu, na alichokuwa akikitafuta kwetu amkutanishe nacho huko. Amin.